Mahame Si Pori

Mjukuu wangu alikuwa anasoma kwa sauti, mimi napepeta mchele. Ndivyo tunavyokaa jioni, maana macho yangu hayashiki tena maandishi madogo, na yeye anapenda kusikilizwa. Siku hiyo alikuwa na daftari la historia. Akasoma:

"Bonde la kusini mwa kijiji chetu lilikuwa pori tupu. Wazee wa kijiji walieleza kuwa hapakuwa na watu, bali nyani na fisi."

Nikaweka ungo chini.

"Rudia hapo."

Akarudia. Nyani na fisi.

"Hayo mmeyatoa wapi?"

"Mwalimu katuandikia ubaoni, bibi. Ni historia ya kijiji chetu. Kaipata ofisini kwa mtendaji."

Wale nyani nawajua. Nyani ni mimi. Na fisi namjua pia, alikuwa anaishi Mikumi kwa mwanawe, mguu mmoja umelegea kwa kiharusi, na hana meno ya kutosha kula hata muwa.

Niseme kwanza mimi ni mtu wa namna gani, ili anayesoma asinitegemee zaidi ya nilivyo. Shule niliishia darasa la pili. Kuandika nilikazia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na mtoto mgongoni na mwingine anavuta khanga. Lakini majina sijawahi kupoteza. Wajukuu hunijaribu: bibi, fulani alimuoa nani, na yule mama yake alikuwa nani, na mama wa mama yake. Nawajibu mpaka wanachoka wao. Majina ya watu wote nitakaowasema hapa ninayo, ya wazima na ya marehemu, na sitaliandika hata moja. Zamani nilidhani neno ni neno, liwe mdomoni au kwenye karatasi. Sasa najua kwamba la mdomoni unaweza kulifuata ukalirudisha. La kwenye karatasi linakwenda zake, na likikutana na wewe njiani halikusalimii.

Bonde lile ndilo kwetu. Si pori. Ni mahame.

Watoto wa siku hizi hawalijui neno hilo, kwa hiyo nalieleza. Pori ni mahali ambapo hajakaa mtu. Mahame ni mahali watu walipokaa wakaondoka. Kwa macho ya mpita njia vyote viwili ni majani na miti. Anayejua huona vingine. Huona ardhi ilivyo nyeusi palipokuwa na jalala, huona mafiga matatu yamekaa kama yanangoja chungu, huona mibono imesimama mahali ambapo hata ndege au upepo usingeipanda. Mbono wa aina ile huku tunauita mbono kaburi. Jina linatosha, tunapanda penye kaburi.

Tulikaa kule tukiwa kaya zilizotawanyika, hii hapa, nyingine ng'ambo ya kijito. Alikuwepo mhunzi wa majembe, alikuwepo mkunga aliyenizalisha, alikuwepo mzee aliyetufundishia watoto Kurani chini ya banda la mahindi. Nikianza kuwataja kutoka kijitoni nafika mlimani bila kuruka mlango. Na nyuma ya nyumba yangu ndipo alipolala mtoto wangu wa kwanza. Msichana. Alikuwa ameanza kutembea, anakimbilia kuku, homa ikamkuta Jumatatu na Jumatano hakuwepo. Mjukuu wangu huyu anayesoma historia ndiye aliyepewa jina lake.

Aliyemzika ni mtani wangu.

Sisi wa tambarare na wao wa milimani ni watani tangu huko walikotoka mababu. Wao wengi ni Wakristo, sisi wengi Waislamu, utani hauulizi hilo. Mtani anaweza kuingia kwako akachukua kuku, ukamwita mwizi, naye akakuambia huyo kuku alimlilia amtoe kwenye umaskini. Lakini msiba ukifika mtani ndiye anayeshika jembe. Yule alishuka mlimani na mvua inanyesha, kijana mwembamba, jembe begani. Akachimba. Mimi nilikuwa nalia mpaka sauti imekatika, akatoa kichwa shimoni akaniambia, "Nyamaza wewe nyani, unamtisha mtoto." Nikacheka. Nilikuwa nalia na nikacheka, nikajisikia nimerudi kwenye mwili wangu. Mtani yupo kwa kazi hiyo. Halafu akakata vijiti vya mbono, akachomeka kimoja kichwani na kimoja miguuni.

Miaka ikapita, ukaja wakati wa kuhamia kwenye vijiji vya ujamaa. Balozi wa kutuhamisha akawa mtani huyohuyo. Alikuwa anaamini kwa moyo wake wote. Alisimama juu ya lori, akatuambia kule barabarani kuna shule, kuna zahanati, kuna maji ya bomba. Na sidanganyi, vyote vilikuja. Watoto wangu walisoma. Anayesema hatukupata kitu hakuwepo. Anayesema hatukuacha kitu hakuwepo pia. Nilipopanda lori nikamwambia, "Na yule?" Akasema, "Yule halipiwi nauli, tutakuja kumtembelea." Kila mwaka kabla ya mvua nilikuwa nakwenda kufyeka pale, mpaka magoti yakakataa. Mara ya mwisho nilikuta wafugaji wamefika, na ndama wamelala kivulini mwa mibono. Sikukasirika. Mibono ilikuwa imekuwa kichaka kikubwa, na ndama hawali majani yake.

Sasa nirudi kwenye hao nyani na fisi.

Mwaka jana uliitishwa mkutano wa kijiji. Kulikuwa na mradi wa kuchimba lambo la kunyweshea mifugo, ili wafugaji wasishuke mashambani wakati wa kiangazi, maana kila kiangazi tulikuwa tunashikana mashati. Jambo jema, nililiunga mkono kwa mikono miwili. Lambo lilisemwa litachimbwa bonde la juu, mbali na kwetu. Bwana wa mradi, mtu mpole aliyetoka mbali, aliuliza wazee, "Je, huku mabondeni zamani palikuwa na nini?"

Mtani wangu alikuwa amekuja kutoka Mikumi kwenye arusi ya mjukuu, akajitia mkutanoni. Akainua fimbo.

"Bwana mkubwa, palikuwa pori tupu. Walikaa nyani. Mmoja huyu hapa, amezeeka, ila mkia bado anauficha kwenye khanga."

Mkutano mzima ukacheka. Ningenyamaza ningekuwa nimeshindwa.

"Na yeye ndiye fisi," nikasema. "Alikuwa anatuchungulia kutoka mlimani, anangoja mifupa."

Watu wakapiga makofi. Bwana wa mradi naye alicheka, huku kalamu inakwenda. Niliiona ikiandika. Haikunipita akilini hata kidogo kwamba mtu anaweza kuandika utani. Ni kama kumwona mtu anakinga mvuke wa chai kwenye ndoo.

Asubuhi baada ya mjukuu kusoma nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Ni mama mmoja mchangamfu, umri wa binti yangu wa mwisho. Akanipa shikamoo, akanivutia kiti. Nikamweleza.

"Bibi, ule ni muhtasari wa mkutano," akasema. "Umeshasainiwa."

"Lakini ulikuwa utani, mwanangu. Na wewe ulicheka."

"Nilicheka, ndiyo. Ila kwenye muhtasari hakuna mahali pa kuandika kwamba watu walicheka."

Halafu akashusha sauti. Akaniambia kule bonde la juu wamekuta mwamba, kwa hiyo lambo limesogezwa chini. Vigingi vimeshapigwa, linangojwa katapila tu. Aliponielekeza vilipofika, nilijua kabla hajamaliza. Vilikuwa vimezunguka mibono.

"Pale pana kaburi," nikasema.

"Ramani inasema hapana makazi wala makaburi, bibi. Kama yangekuwepo, ungefuatwa utaratibu wa kuyahamisha kwa heshima. Lakini walisema wenyewe wazee kwamba ni pori."

Nikatoka pale sioni njia. Nilipita shuleni kwa sababu ndiyo njia ya kurudi, si kwa sababu nilikuwa na shauri.

Mwalimu wa historia ni kijana kutoka upande wa Ziwa. Alikuwa amekaa barazani anasahihisha. Akasimama. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyewaambia watoto mimi ni nyani?"

Nilipomaliza kumweleza alikuwa ameshika kichwa.

"Hata kwetu tuna watani," akasema. "Babu yangu aliitwa mchawi kwenye arusi yake mwenyewe. Ingeandikwa ile, leo tungekuwa tumefukuzwa kijijini." Kisha akasema taratibu, "Bibi, nilichukua karatasi moja nikaigeuza somo. Hilo somo lina kasoro. Nataka watoto walisikie upya, kwa wasemaji zaidi ya mmoja. Uje wewe. Aje na huyo mtani aliyesema. Nitamwita na mtu kutoka kwa wafugaji, kwa sababu nao wana habari zao za bonde lile. Wakae wasikilize, wapime."

"Na katapila?"

"Katapila siliwezi, bibi. Nitamwalika mtendaji aje asikilize. Akisikia mbele ya watoto, labda."

Hiyo labda niliishika kama mtu anavyoshika mkia wa ng'ombe akivuka mto uliofurika. Haikuwa na nguvu, ila mkononi sikuwa na kingine.

Nikapanda basi dogo nikaenda Mikumi. Mtani anakaa nyuma kabisa ya barabara kuu, nyumba inatetemeka malori yakipita. Alikuwa juani kwenye kiti, mguu umenyooshwa. Aliponiona uso ukamchangamka upande mmoja.

"Aa, nyani. Konda alikutoza nauli, au amekuweka kwenye buti na mikungu ya ndizi?"

"Nimekaa mbele, wewe fisi. Nimekuja kukuangalia kama umekufa nirithi kiti."

"Kiti kimeoza kama mwenyewe. Karibu."

Mkwewe akaleta chai. Nikamweleza mtani yote, na nikamtajia vigingi vilipofika. Aliacha kunywa. Uso wake ulikuwa na upande uliokufa na upande mzima, na nikaona ule mzima nao unakufa.

"Ameandika?" akauliza.

"Ameandika. Watoto wanakariri."

"Ameandika utani." Alilisema kama mtu anayesoma jina lake kwenye jeneza. Akamwita mkwewe amletee koti.

Njia nzima hakunitania. Konda alipomshika mkono kumpandisha, siku nyingine angepata matusi mazuri ya kumtosha wiki nzima. Yeye akasema asante. Hapo ndipo hofu iliponiingia.

Siku ya somo tulikaa mbele ya darasa, kwenye viti vya walimu. Madawati yalijaa, wengine wakasimama dirishani. Kutoka kwa wafugaji alikuwa amekuja bibi mmoja wa rika langu, mrefu, amejifunga shuka, watoto wa kwao wanamwita koko, yaani bibi. Kabla ya kukaa, watoto wale walipita mmoja mmoja wakimwinamia, naye akiwagusa utosini. Wa kwetu walipoona wakapanga foleni na wao, hawataki kupitwa. Mtendaji alikaa nyuma, daftari magotini.

Mwalimu akaandika ubaoni: BONDE LA KUSINI LILIKUWA NINI? Akasema, "Leo hamnakili. Leo mnasikiliza. Mkisikia jambo halilingani na lingine, msiogope, ulizeni."

Nilianza mimi. Niliwaeleza mahame ni nini. Niliwaambia nani alikaa wapi, nikaanzia kijitoni. Mle darasani niliwataja, maana pale ni mdomo. Wapo watoto walioshtuka kusikia majina yao wenyewe, kumbe ya babu zao. Nilipofika nyumbani kwangu nikataja jina la aliyelala nyuma ya nyumba, na mjukuu wangu akaitika kwa mazoea, "Nipo." Wenzake wakamgeukia. Akainamisha kichwa.

Halafu mtani. Alisimama kwa fimbo.

"Mimi ndiye niliyesema palikuwa pori. Nilikuwa natania. Palikuwa na watu, na mtoto wa huyu mama nilimzika mimi. Nilichimba kwa mkono huu. Niliwahamisha mimi pia, nikawaahidi tutarudi."

Kisha nyuma nikasikia mtu anacheka kidogo, kama anayejizuia. Alikuwa mtendaji. Hakuwa na ubaya. Tangu mtoto alikuwa anamjua mzee yule kwa vichekesho, kwenye kila msiba na kila arusi, na hajawahi kumsikia akisema neno lililonyooka. Alidhani kichekesho kinakuja.

Watoto walipomwona mtendaji anacheka wakafunguka.

"Sitanii," mtani akasema. "Nasema kweli."

Wakacheka zaidi. Hivyo ndivyo alivyokuwa akianza kila mara, sitanii, nasema kweli, ndipo akamtaja mtu kwamba ni panya. Mvulana mmoja akauliza, "Babu, na fisi alikuwepo kwenye mazishi?" Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwalimu akagonga meza, akagonga tena. Mtani alibaki amesimama, mdomo umepinda, upande mmoja unatoka machozi, na kwa ule mdomo uliopinda hata kulia kwake kulionekana kama kucheka.

Nimeona mengi. Nimezika mume na watoto. Lakini sijawahi kuona mtu anakosa pa kuweka ukweli wake kama siku ile. Alipotania waliandika. Aliposema kweli walicheka. Nikamvuta koti akakaa.

Aliyenyamazisha darasa ni koko. Hakusimama. Alianza tu kusema, chini chini, na watoto wakalazimika kunyamaza ili wamsikie.

"Sisi tulipofika hapakuwa na mtu. Lakini tulijua palikuwa na watu. Tulikuta mafiga, matatu matatu. Mume wangu alisema, msiweke boma juu ya mafiga, wenyewe watarudi. Tukaweka pembeni. Hiyo miti sikukata. Niliona imepandwa na mkono wa mtu."

Mtendaji alikuwa ameacha kucheka. Moyo wangu ukaanza kupanda. Nikasema, ndiyo hii, labda imefika.

"Basi, yeyo," nikamwambia koko, kwa neno lao la mama, "waambie wasichimbe pale."

Alinigeukia.

"Siwezi kusema hivyo, mama. Kiangazi kilichopita nilikaa na ng'ombe wanakufa mbele yangu, ndama ananyonya mama aliyekufa. Wajukuu zangu wakipeleka mifugo mtoni wanakutana na mapanga ya wajukuu zako. Kaburi lako nimelilinda miaka yote bila kujua ni la nani. Leo nimejua, na ninasikitika. Lakini maji nayataka."

Ningependa kuandika kwamba nilimchukia. Ingekuwa rahisi.

Mjukuu wangu akanyoosha kidole. "Mwalimu, sasa jibu ni lipi?"

Mwalimu akatazama ubao. Akasema bonde lilikuwa nyumbani kwa bibi, mahali pa kuhamisha watu kwa babu, malisho kwa koko, na kwa mtu wa mradi lilikuwa pori kwa sababu alipewa jibu asilolielewa na hakuuliza mara ya pili. Akasema anayetaka kulijua bonde lazima awabebe wote wanne, wala asimdondoshe anayemlemea. Alisema vizuri. Nilimpenda kama mwanangu. Na wakati anasema, kupitia dirishani, nilikuwa naliona lori refu limebeba katapila, linakata kona ya sokoni, linakwenda kusini.

Mtendaji alinifuata nje. Safari hii hakuwa na uchangamfu. "Bibi, nimekusikia. Twende Kilosa kesho, tukawaone wakubwa wa wilaya."

Tulikwenda. Tulipelekwa na bodaboda kutoka stendi mpaka ofisi, na kutoka ofisi hiyo mpaka nyingine. Kila mahali walinipa shikamoo na kiti. Sikutukanwa na mtu. Mkubwa mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akasema atatuma mtu aje kukagua, ila muhtasari ukishasainiwa hauwezi kupingwa kwa mdomo. Nikamwambia, "Mwanangu, lakini ulitoka mdomoni." Akasema ananielewa. Naamini alinielewa. Wote walinielewa. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kueleweka na kila mtu na asiokolewe na yeyote.

Huyo wa kukagua alikuwa bado hajafika asubuhi koko alipomtuma mjukuu wake wa kike, msichana anayesoma darasa moja na wangu. Alikuja mbio, sare haijafungwa vifungo. "Koko anasema njooni. Wamefika kwenye miti."

Mtani alikuwa bado kwangu, hakuwa amekubali kurudi Mikumi. Tukapanda bodaboda, mimi mbele yake nimshikilie mikono asianguke. Jembe alilibeba kwapani.

Tulichelewa. Koko alikuwa amemsihi dereva wa katapila, naye akasubiri, akanywa chai, akasubiri tena. Kisha msimamizi wake akapiga simu. Mibono ilikuwa imeng'olewa yote na kusukumwa pamoja, mizizi juu, na udongo wa bonde zima umekwanguliwa ukawa kitu kimoja, mwekundu na mweusi umechanganyika. Hapakuwa na jalala tena, wala mafiga, wala nyuma ya nyumba. Nilisimama nikiwa na majina yote kichwani, kutoka kijitoni mpaka mlimani, na sikujua nimesimama mlangoni kwa nani.

Mtani akashika jembe. Hakuuliza. Mkono mmoja haukuwa na nguvu, akaegemeza mpini tumboni, akachimba. Alichimba hapa, akasogea, akachimba pale. Dereva wa katapila alizima mashine, akavua kofia. Koko alikuja akashika mpini upande wa pili, wakawa wanachimba wawili, na hakuna aliyejua anachimba wapi.

Mwishowe mtani akaacha. Akanigeukia. Nilimwona anataka kufanya kazi yake, ile ya mtani, ya kunirudisha kwenye mwili wangu.

"Nyamaza, wewe nya—" akasema, na neno likamshinda.

Mimi nilikuwa hata sijalia.

Tulirudi na kijiti cha mbono alichokichagua koko kwenye lile lundo, kikiwa bado na utomvu. Mtani alikichomeka nyuma ya jiko langu, kisha mwanawe akaja kumchukua. Hatujaonana tena. Napata habari kwamba anakaa juani kama zamani, ila hamtanii mtu, na watu wanasema uzee umemwingia. Lambo lilijaa masika haya. Ng'ombe wanakunywa. Kiangazi hiki mapanga hayajatoka, na hilo nalisema kwa sababu ni kweli.

Mbono umeshika. Mjukuu wangu ndiye anayeumwagia maji akitoka shule. Juzi alisimama na kopo mkononi.

"Bibi, mtihani wa wilaya uko karibu. Unatungwa Kilosa, si mwalimu wetu anayetunga. Wakiuliza bonde letu lilikuwa nini, niandike nini?"

Nilimwangalia. Ana miguu ya kukimbilia kuku. Akifaulu anakwenda sekondari, na akifika huko atafika mbali kuliko lori lolote lililowahi kutubeba.

"Andika pori," nikamwambia.

"Lakini si—"

"Andika pori, mama. Upate maksi."

Akamwaga maji yote kwenye shina, taratibu, mpaka kopo likaisha. Halafu akaingia ndani, na sikumsikia akisoma jioni ile. Nilibaki pale nyuma ya jiko, natazama majani mapya. Mbono kaburi, wenye afya kabisa, na chini yake hakuna mtu.